Nasaha kwa Wapiga Picha wa Mandhari: Adabu ya Kukosoa na Kukosolewa

Nasaha hizi nawaandikia wenzangu wanaopiga picha za mandhari kwa mapenzi tu, bila mshahara. Nawaandikia wanaoamka usiku wa manane ili wakiwahi kilele cha Kibo kabla hakijafunikwa na wingu, na wanaopanda hadi mwamba wa Irente kule Lushoto kuitazama nyika iliyolala chini. Hamu ya kupiga tunayo, na kamera siku hizi imo hata mfukoni. Kinachotupungukia ni mtu wa kuitazama picha kwa utulivu akatueleza ukweli wake. Mara nyingi anayeonyesha kazi yake huambulia moja kati ya mawili: "Mashaallah, kali sana!" au mnong'ono pembeni akishaondoka. Yote mawili humwacha palepale alipokuwa. Maoni yenye heri humwezesha mtu kurudi mahali pale akijua asimame wapi, aende saa ngapi na aache nini nje ya fremu. Ili tuyapate, anayeomba ana wajibu wake, na anayeombwa naye ana wake.

Nianze na mwombaji. Kabla hujamwendea mtu, ijue haja yako. Ikiwa siku hiyo moyo unataka pongezi, waonyeshe wazazi na marafiki; watafurahi nawe, na furaha hiyo ni halali. Ikiwa unataka kujifunza, peleka picha moja. Ukimwekea mwenzio picha thelathini umemtwika kazi yako ya kuchagua, na kuchagua ndiko mwanzo wa kujikosoa. Tena usichague ile ambayo una hakika nayo. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ilete ile inayokusumbua, ambayo kila ukiitazama unahisi ina kasoro usiyoweza kuitaja.

Kisha uliza swali linalojibika. "Mnaionaje?" huzaa majibu ya mkato. Sema ulichokusudia: "Nilitaka mtazamaji auhisi upweke wa ngalawa hii maji yakiwa yamekupwa pale Paje. Je, upweke huo unauona, au jicho linakimbilia kwenye hoteli zilizo nyuma?" Hapo umempa mwenzio kipimo. Mweleze pia saa uliyopiga, hali ya maji na lenzi uliyotumia. Pwani hiyo ya mashariki ya Unguja, wakati wa bamvua bahari hurudi nyuma sana na kuacha uwanja mpana wa mchanga na vidimbwi. Wakati wa maji mafu tofauti ya kupwa na kujaa ni ndogo. Asiyejua ulifika siku gani atakulaumu kwa jambo ambalo lingehitaji kalenda ya mwezi tu.

Ukishauliza, nyamaza usikie. Ulimi utakuwasha kujitetea: upepo ulikuwa mkali, dereva alikuwa anapiga honi, mvua ilikaribia. Mtazamaji hakuwapo na hayo hayaoni. Jasho la kupanda mlima halimo ndani ya picha. Kilichomo ni mwanga na umbo tu. Sikiliza mpaka mwisho, andika, shukuru, kisha lala na maneno hayo usiku mmoja kabla ya kuamua lipi uchukue na lipi uache. Hulazimiki kufuata kila ushauri. Lakini watu watatu wasioambiana wakilalamikia kona ileile, irudie kona hiyo.

Sasa nije kwa anayeombwa maoni. Wajibu wako wa kwanza ni kutazama. Usiseme neno mpaka macho yako yameizunguka picha yote, pembe kwa pembe, kisha eleza safari ya jicho lako. Tuseme mwenzio amekuletea picha ya Kilimanjaro aliyoipiga alfajiri kutoka upande wa Amboseli: mgunga mbele, tambarare katikati, Kibo kwa nyuma. Ukisema "haina mvuto" umemuumiza bila kumfaa. Mwambie hivi: "Jicho langu limeanza kwenye barafu, likateremka hadi kwenye mgunga, halafu likanaswa na jiwe jeupe lililo ukingoni kushoto, halikurudi tena mlimani. Tawi la juu la mgunga nalo limegusana na kilele, kwa hiyo mti na mlima vinaonekana kama vimegandana." Kisha mpe njia: "Ungesogea hatua chache kulia, mti ungeachana na kilele na jiwe lingetoka kwenye fremu. Barafu imekuwa nyeupe tupu, mikunjo yake haionekani. Punguza mwanga kidogo unapopiga." Na ikiwa mlima wenye mita 5,895 umeonekana kama kichuguu, mweleze kwamba lenzi pana hukuza kilicho karibu na kudogosha kilicho mbali. Arudi nyuma, atumie lenzi ndefu, naye ataona Kibo ikisimama kwa ukubwa wake nyuma ya mti.

Sifa nayo ni sehemu ya ukweli, na hudai sababu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Sifa inayoharibu ni ile isiyoonyesha kilichosifiwa. Ukimwambia, "Umefanya vyema kungoja mpaka kivuli cha wingu kikafika kwenye bonde, kwa sababu sasa kilima cha mbele kimejitenga na cha nyuma," amepata kitu cha kurudia kesho. Usiogope kusifu kilicho chema. Ni dhuluma kumnyima mtu habari za alilolipatia.

Tenganisha kosa na ladha. Upeo wa bahari ulioinama bila kukusudiwa ni kosa, na mtu yeyote anaweza kulipima. Kupenda rangi zilizopoa au picha ya nyeusi na nyeupe ni ladha yako. Ukiitaja, itaje kuwa ni yako. Picha ikipigwa kwa simu, zungumzia picha. Kumuuliza mtu bei ya kamera yake katikati ya maoni ni kumdhalilisha, na hakumfundishi lolote.

Uzingatie mahali. Vitabu vingi vya upigaji picha vimeandikwa na watu wa nchi za kaskazini, ambako jua huzama kwa mshazari na mwanga laini hudumu muda mrefu. Kwetu karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, na mwanga huo hupita upesi. Wakati wa kiangazi vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa hufifisha milima ya mbali. Baada ya mvua hewa husafika. Usimlaumu mtu kwa ukungu wa msimu. Mshauri msimu wa kurudi.

Lipo pia suala la umri. Kijana akiombwa maoni na aliyemzidi, heshima haimkatazi kusema kweli. Humwongoza namna ya kuisema. "Shikamoo mzee. Naomba kuuliza, hapa upeo ulikusudia uinamie kushoto?" Swali hilo limebeba ukweli wote, na limemwachia mzee heshima yake. Nawe mzee, ukiulizwa hivyo usijifiche nyuma ya mvi, ulimwita mwenyewe. Na kwa rika zote, jambo la kuaibisha lisemwe faragha.

Wajibu wa mwisho, wa mwombaji na wa mwombwa, ni uaminifu wa picha yenyewe. Kuhariri si haramu. Ansel Adams, Mmarekani aliyekuwa mahiri wa mandhari, alipiga picha yake ya mwezi juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, mwaka 1941, kisha kwa miaka mingi akaendelea kuichapa upya, huku anga ikizidi kuwa nyeusi. Hakuificha kazi hiyo ya chumba cha giza. Aliifundisha na kuiandikia vitabu. Ukibadilisha anga ya picha yako kwa programu, mwambie unayemwomba maoni, la sivyo atapoteza muda kuusifu mwanga ambao haukuwapo. Uaminifu huo wawahusu pia watu waliomo ndani ya picha. Akina mama wanaolima mwani Paje na Jambiani wako kazini. Mkosoaji mwema huuliza: "Uliwaomba ruhusa?" na swali hilo lina uzito sawa na la upeo na la mwanga.

Baada ya yote hayo, rudi mahali pale upige tena, kisha mpelekee picha ya pili yule aliyekukosoa. Wengi huchukua ushauri wakapotea nao, na mshauri asijue kama alisema kweli au alikosea. Ana haki ya kuona matokeo. Ikiwa ushauri wake ulifaa, mwambie. Ikiwa ulisogea kulia na mti ukaziba kilele zaidi, mwambie vilevile, ili jicho lake nalo lirekebike.