Ruhusa ya Kupita Njiani

Liko swali ambalo yatupasa kulitafakari. Mtawala akiwapa watu ruhusa ya kuandamana, akawawekea na njia ya kupita, nao wakaiacha njia ile, ni nani aliyevunja agano?

Tulipime neno hili kwa mambo yaliyotukia mjini Accra, katika nchi ya Gold Coast, ambayo leo yaitwa Ghana, siku ya Jumamosi tarehe 28 Februari 1948. Watu wale walikuwa askari waliorudi kutoka vita vya 1939–1945. Wengi wao walipigana Burma, ambako vijana wa K.A.R. kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland walipigana pia. Waliporudi kwao walinung'unika kwamba malipo yao ni haba, kazi hazipatikani, na bei za vitu zimepanda. Basi chama chao kikaandika maombi kwa Gavana, kikataka ruhusa ya kuandamana. Polisi wakaitoa, wakaonyesha na njia. Lakini njia ile haikufika kwenye ngome ya Christiansborg, alikokaa Gavana.

Walipofika njia panda wakageuka kuelekea ngomeni. Afisa wa polisi, aliyekuwa na askari wachache, akawaamuru wasimame. Hawakusimama, na mawe yakatupwa. Ndipo akatwaa bunduki, akapiga yeye mwenyewe. Watatu wakafa: Sajini Adjetey, Koplo Attipoe na Praiveti Odartey Lamptey. Siku ile ile ghasia zikaenea mjini.

Wako wasemao kwamba kosa ni la waandamanaji, nasi hatuwadharau. Mji hauna amani ikiwa kila kundi hujichagulia njia. Mwenye duka na mgonjwa apelekwaye hospitali wana haki ya barabara pia. Tena aliyepokea ruhusa ametoa neno lake, naye yampasa kulishika.

Lakini ruhusa si sadaka. Mwenye shauri halipeleki ukutani. Hulipeleka kwa yule awezaye kuamua. Kumwambia mtu, "Sema," kisha kumwekea njia isiyofika penye sikio, ni kumpa nusu ya neno. Na kosa la kuacha njia lina hukumu yake barazani. Mauti si adhabu yake. Kwa hiyo twaona kwamba wote wawili walifungwa na agano, ila mzigo wa mtawala ulikuwa mzito zaidi, maana ndiye aliyeichagua njia, na ndiye aliyeshika bunduki.

Mwaka ule ule Serikali ya Uingereza ilituma Tume ya Watson, ikasikiliza manung'uniko ya nchi ile, ikashauri katiba mpya. Tarehe 6 Machi 1957 Ghana ikapata uhuru. Basi sikio lilikuwapo, ila lilichelewa, na wale watatu hawakuwapo kusema.

Kila mwenye mamlaka, awe wa nchi au wa kijiji, na ajiulize kabla ya kutia sahihi ruhusa: Njia hii yafika wapi?