Uaminifu Usio na Msimamizi

Je, mtu asiyeiba kwa sababu tu anaangaliwa, tumwite mwaminifu? Swali hili ni la zamani, na wahenga walilijibu nusu kwa mzaha waliposema kwamba paka akiondoka, panya hutawala. Lakini kwetu sisi tuliofundisha walimu jambo hili halina mzaha, maana linagusa kila siku ya kazi ya yule tunayemtuma shuleni.

Mwalimu hufanya kazi yake faraghani. Akishaufunga mlango wa darasa, hamna mtu mzima mwingine ndani. Mkaguzi akija leo, yamkini hatarudi kwa muda mrefu. Kitabu cha mahudhurio hukijaza mwalimu, alama huzitoa yeye, michango ya wazazi pengine huishika yeye, na watoto wa watu wamo mikononi mwake. Basi chuo kinachomchunga mwanachuo tangu kengele ya alfajiri hadi ya kulala kinamzoeza maisha ambayo hatayaishi.

Nikiwaza haya, hukumbuka niliyoyasoma kuhusu Chuo cha Haverford, kilichoko Pennsylvania nchini Marekani. Kilianzishwa mwaka 1833 na Wakristo wa madhehebu ya Marafiki, yale yale yaliyoenea sana magharibi mwa Kenya. Ni chuo kidogo. Wanafunzi wake hawafiki 1,500, nao husoma fasihi, sayansi, historia na falsafa kwa pamoja badala ya kufundishwa kazi moja tu. Huko mitihani hufanywa bila msimamizi. Mtihani mwingine mwanafunzi hupewa aende nao chumbani kwake, ajipimie saa mwenyewe, na muda ukiisha aweke kalamu chini.

Msomaji asidhani kwamba huko hakuna sheria. Sheria ipo, ila ni ya wanafunzi wenyewe. Huijadili na kuipigia kura kila mwaka, na anayeshitakiwa kuivunja husikilizwa na wanafunzi wenzake. Mwaka 2018 kura hazikutosha kuipitisha, ikabidi wairudie upya ili isife. Mimi habari hiyo ilinipendeza kuliko zote, kwa kuwa ilionyesha kwamba kura yao haikuwa sherehe tu. Kitu kinachoweza kufa mikononi mwako ndicho unachojifunza kukitunza.

Najua jibu la wenzangu. Watasema: hao ni wachache, walimu wao wanawajua mmoja mmoja; kwetu mtihani mmoja huamua kama wadogo zake mtu watapata karo. Hoja hiyo ni nzito, nami siipingi. Mtihani wa taifa ni mizani ya watu wote. Tukiuacha bila msimamizi, atakayeumia ni yule maskini mwaminifu aliye chuo kingine, asiyeweza kujitetea. Hatuna haki ya kufanya majaribio ya wema kwa gharama ya mtu ambaye hatukumwuliza.

Lakini maisha ya chuo si mtihani tu. Kuna chama cha mdahalo, kuna kwaya, kuna shamba, kuna duka la ushirika. Humo gharama ya udanganyifu huwarudia wenyewe, na humo ndimo mahali pa kuwaachia ufunguo.

Katika chuo nilichokiongoza, mwaka mmoja fedha za duka la wanachuo zilipungua. Hazikuwa nyingi, lakini zilikuwa hisa za vijana waliokosa hata nauli ya kwendea likizo. Wakufunzi wengi walitaka duka likabidhiwe kwa mmoja wetu. Nilikataa, nikawaambia wanachama waitishe mkutano wao. Walikaa jioni mbili. Wakamwondoa mweka hazina, wakaamua hesabu zibandikwe ukutani kila Jumamosi, na pengo wakalijaza kwa kuuza mboga za bustani yao. Mwizi hakujulikana.

Mkufunzi mmoja, mtu ninayemheshimu hadi leo, aliniambia: “Mkuu, umewafundisha wote kulipa deni la mmoja, na huyo mmoja umempa cheti.” Ni kweli kwamba huenda alipata cheti, na huenda anafundisha mahali fulani. Hiyo ndiyo bei ya njia niliyoichagua, na sitaki kuificha. Ila namwuliza rafiki yangu: kama ufunguo ungekuwa kwetu, mwizi yule angegeuka kuwa mwema? Angengoja tu. Angengoja mpaka afike shule isiyo na mkufunzi mlangoni, ambako wa kuibiwa wangekuwa watoto. Na wale wengine, waliobandika hesabu zao ukutani kwa mikono yao, wangeondoka bila kujua kwamba wanaweza.

Kwa hiyo nashikilia kwamba uaminifu hauoti penye uangalizi mtupu, wala hauoti penye uhuru usio na mwenyewe. Unahitaji watu wachache wanaojuana, jambo ambalo ni lao kweli, na hasara itakayowauma wao wakizembea. Chuo kidogo kina neema ya kuvipata vyote vitatu. Mkuu wa chuo anayeshika funguo zote kiunoni anaitupa neema hiyo, hata kama katika miaka yake yote haikupotea senti moja.