Mfua Jembe na Mfua Bunduki

Mfua chuma wa kijiji humjua mteja wake. Katika bonde la mto Kilombero, huko Michenga na Ifakara, ambako watu huishi kwa mpunga na samaki, jembe likipinda kabla ya wakati wake hurudishwa kwa aliyelifua, na lawama hurudi pamoja nalo. Dhima ya fundi huyo haina fumbo. Fumbo limo katika dhima ya fundi ambaye kazi yake huvuka bahari, ikashikwa na mkono asioujua, ikaelekezwa katika mwili asiouona.

Peter Paul Mauser alizaliwa mwaka 1838 katika mji mdogo wa Oberndorf, Ujerumani, mwana wa fundi wa silaha. Zamani mwenye gobori alitia baruti na risasi kinywani mwa mtutu, akashindilia kwa mdeki, aghalabu hali amesimama mbele ya adui. Dreyse alikwisha onyesha kuwa bunduki yaweza kujazwa kwa nyuma, na Prussia iliikubali bunduki yake mwaka 1841. Lakini ilivuja moto, na risasi zake zilifungwa kwa karatasi. Mauser na kaka yake Wilhelm walitengeneza komeo imara zaidi, lililopokea risasi ya ganda la shaba. Askari aliweza sasa kulala chini, kujaza upesi, na kuua kutoka mbali. Bunduki hiyo ikaitwa kwa mwaka wake, 1871.

Ndiyo waliyopewa askari wa Wajerumani katika Afrika Mashariki. Ulipofika mwaka 1905, jeshi la Ujerumani huko kwao lilikwisha pata bunduki bora zaidi. Lakini kilichozeeka Ulaya kilitosha kuua Mahenge. Tarehe 30 Agosti mwaka huo Wapogoro na Wambunga walilishambulia boma la Mahenge kwa imani kuwa dawa ya maji ingewakinga na risasi. Bunduki za askari, pamoja na zile za rashasha, ziliwafyeka.

Tofauti hiyo ya silaha haikuletwa na ufundi peke yake. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliofanywa kwa jina la kukomesha biashara ya watumwa, ulizuia bunduki za namna mpya kuuzwa katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaruhusu magumegume na baruti ya kawaida. Serikali za kikoloni zilijibakizia haki ya kuingiza silaha zao. Fundi alivumbua komeo. Wanasiasa waliamua nani alishike.

Mtetezi wa fundi atasema kuwa chuma hakina nia, na kwamba dhambi ni ya kidole kilichofyatua. Hoja hii ina haki yake. Mauser hakuamuru mashamba na maghala ya chakula yachomwe, na katika vita vya Maji Maji njaa iliua watu wengi kuliko risasi. Wajerumani walikadiria vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Lakini aliyechoma ghala alifika ghalani kwa sababu bunduki ilimfungulia njia.

Tena, jembe laweza kuua, bali halikufuliwa kwa ajili ya kuua. Bunduki ya vita haina kazi nyingine. Anayeikamilisha zana huikamilisha pamoja na kusudi lake. Hawezi kupokea sifa ya wepesi wake na kukataa habari ya matokeo yake. Mauser hakuyajua majina ya waliokufa Mahenge. Kutojua majina si kutojua kifo.

Yamkini dhima hizi hazilingani. Aliyeamuru vita hutangulia, kisha aliyeandika sheria ya silaha, kisha aliyefyatua, kisha aliyefua. Kosa, hata hivyo, si mzigo wa kuni, ambao hupungua kwa kila mchukuzi anayeongezeka. Mwaka 1901 Mauser alipoteza jicho moja akiijaribu bunduki mpya, naye akaendelea na kazi yake. Mwili wake mwenyewe ulikuwa umemwonyesha kile ambacho umbali wa bahari ulimficha.

Basi swali la mfua jembe, yaani kazi hii yaenda kwa nani na kufanya nini, halimwondokei fundi kwa sababu kiwanda chake ni kikubwa. Wakati wa kuliuliza ni kabla chuma hakijaingia motoni.