MIMI SINYWI, NATENGENEZA TU

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake.

Ndugu Mwislamu, dada Mwislamu,

Hukumu ya pombe unaijua tangu chuoni, sitairudia. Ijumaa hii nakuletea swali lingine. Mama mmoja mjane alinijia akasema: "Mwalimu, mimi pombe sijapata kuionja. Natengeneza lotoko, nauza, nalipa minervali ya watoto. Kosa langu liko wapi?" (Ameniruhusu kuandika. Wanaofanya kazi hiyo hapa mtaani ni wengi, kwa hiyo usihangaike kumtafuta ni nani.)

Usimcheke. Shule ya msingi ya serikali ilifanywa bure mwaka 2019, lakini sekondari inalipwa, na mume hayupo. Qurani yenyewe, Sura Al-Baqara aya ya 219, haikukana kwamba ulevi una manufaa kwa watu. Ilisema dhambi yake ni kubwa zaidi. Manufaa ya mama huyu ni daftari na viatu. Sasa tupime upande wa pili.

Lotoko hupikwa kwa mahindi na muhogo ndani ya pipa, mvuke ukipita katika bomba. Ukali wake hakuna anayeupima. Mara nyingine huingia methanoli, sumu inayopofusha macho na kuua. Tena tazama namna watu wetu wanavyokunywa. Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 2.6 waliokufa kwa pombe duniani mwaka 2019. Katika Afrika wengi hawanywi kabisa, lakini anayekunywa mara nyingi hanywi kidogo: hunywa siku ya mshahara, siku ya kuuza mchele, usiku wa matanga, mpaka aanguke. Pesa ya mwezi inaisha usiku mmoja. Asubuhi mke ana jeraha usoni, na mtoto amefukuzwa masomoni kwa kukosa minervali. Ona basi: minervali ya mtoto wa muuzaji ndiyo ileile iliyokosekana kwa mtoto wa mnywaji.

Ndiyo sababu Mtume (s.a.w.) hakumlaani mnywaji peke yake. Katika hadithi ya Anas, aliyoiandika Tirmidhi, wametajwa watu kumi, na ndani yao wamo anayekamua, anayebeba, anayeuza na anayekula thamani yake. Na Abu Talha alipouliza juu ya mayatima waliorithi mvinyo, aliamriwa aumwage. Hata kuugeuza siki hakuruhusiwa. Mali ya mayatima, ndugu yangu!

Nilikuwa na jibu tayari mdomoni. Mama akaniuliza tena: "Na ule mchango wangu wa mikeka ya madrasa, Mwalimu, mlijua umetoka wapi?"

Nilinyamaza. Tulijua. Mtaa mzima unajua moshi ule ni wa nini. Tulipokea, tukamwombea dua, na mpaka leo watoto wanaikalia hiyo mikeka. Anayekula thamani yake: miaka yote nimelisoma neno hilo nikimfikiria mtu mwingine.

Nilimwambia amwage. Jibu lingine sina, wala sina ruhusa ya kulitafuta. Lakini kumwambia mjane amwage, kisha sisi twende zetu kula, ni kumbebesha peke yake gharama ya hukumu iliyo juu yetu sote. Ilipoteremka amri Madina, walimwaga wengi, mvinyo ukatiririka njiani. Hakuna aliyemwaga peke yake huku majirani wakimtazama.

Mama anahitaji mtaji wa kuuza mafuta ya mawese na chumvi, na minervali mpaka biashara isimame. Maskini na mwenye deni wana fungu lao katika zaka, Sura At-Tawba aya ya 60. Leo baada ya swala, sanduku la mlangoni ni la kazi hiyo. Nanyi wenye nyumba mliopangisha baa, tafadhali mbaki kidogo, tuna maneno. Mikeka itaondolewa madrasani. Watoto wataketi chini mpaka tupate mingine.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.