Kubana matumizi, au kumhamishia mwenzio hasara?

Ndugu msomaji, wapo miongoni mwetu wanaodhani kuwa maadili ya Kiislamu yanaishia mlangoni mwa msikiti, na kwamba gereji ni mahali pa spana na grisi tu. Nami nilikuwa na dhana inayokaribia hiyo mpaka kamati ya madrasa yetu ilipokaa kujadili Hiace inayowabeba wanafunzi.

Gari hilo ni la siku nyingi, lina injini ya petroli, na linakunywa mafuta kama ngamia aliyetoka jangwani. Michango ya wazazi, ambayo ndiyo posho za walimu na ndiyo misahafu ya watoto, ilikuwa ikiishia kwenye tangi. Ikaletwa hoja kwamba ing'olewe injini ile, iwekwe ya dizeli ya mtumba kutoka Gerezani. Nikaunga mkono haraka. Nikasema kuendelea na injini ile ni israfu, na Qur'an imewakemea wafujaji wa mali.

Hoja hiyo ina msingi wake. Injini ya dizeli hukandamiza hewa kiasi cha mara 20, wakati ya petroli ni mara 9 au 10 hivi, na lita moja ya dizeli ina nishati zaidi kuliko lita moja ya petroli. Kwa hiyo kwa kazi ileile gari huenda mbali zaidi.

Lakini fundi mmoja mtu mzima alituuliza: "Ustadhi, mnataka kuzika. Mgonjwa mmempima?" Akafungua. Chujio la hewa limeziba, plagi zimechoka, breki ya gurudumu moja inashika muda wote, matairi hayana upepo wa kutosha. Kubwa zaidi, thamostati ilikwisha kutolewa na fundi aliyetangulia ili gari lisichemshe. Injini isiyopata joto lake huunguza mafuta mengi bure. Kwa hiyo sehemu ya israfu tuliyoitupia injini ilikuwa ni uzembe wetu sisi. Hebu tujiulize: ni mara ngapi tunanunua kipya ili tusikiri kwamba tulishindwa kutunza cha zamani?

Fundi akatufundisha na hesabu. Chukulia gari linakwenda kilomita 70 kwa siku. Likitumia lita 1 kwa kilomita 7, linahitaji lita 10. Likifika kilomita 10 kwa lita, linahitaji lita 7. Umeokoa lita 3, na kwa siku 25 za mwezi ni lita 75. Kama injini, giaboksi yake, nyaya na ufundi vinagharimu sawa na lita 1,500, fedha inarudi baada ya miezi 20. Lakini kama gari hutembea siku 8 tu kwa mwezi, itachukua zaidi ya miaka 5. Kubadilisha injini kwa mtu wa kwanza ni busara, kwa wa pili huenda ndiyo israfu yenyewe. Hukumu haitoki kwenye injini, inatoka kwenye hesabu ya kweli.

Sisi tulirekebisha yote yale, na nafuu ikaonekana. Hata hivyo pete za pistoni zilikuwa zimekwisha, moshi wa buluu ukawa hauishi, na gari letu linatembea kila siku ya masomo. Tukakubaliana kubadilisha. Tulidai risiti ya injini, maana injini ya bei ya kutupa huenda imeibwa, na tukahakikisha namba yake inaingizwa kwenye kadi ya gari.

Ama suala la pili, ambalo ndilo lililoninyima usingizi, ni ile injini ya zamani. Mjumbe mmoja alishauri ioshwe, ipigwe rangi ya fedha, itiwe oili nzito ili isitoe moshi siku ya majaribio, kisha iuzwe kuwa ni nzima. Alisema mnunuzi ni mtu mzima, akague mwenyewe, na fedha si za mtu binafsi, ni za watoto wa madrasa.

Hoja hii ni tamu, kwa sababu ina jina la dini ndani yake. Lakini tuitazame vizuri. Lita zile zilizokuwa zikipotea kwetu zingeanza kupotea kwa mwingine, pengine dereva anayelisha familia kwa gari hilo. Hapo israfu haijapungua hata tone, imehama nyumba tu. Suratul Mutaffifin inaanza kwa kuwaonya wanaotaka kipimo kamili wanapopokea na kupunguza wanapotoa. Na kisa cha muuza nafaka sokoni Madina kinajulikana: Mtume (s.a.w.) alitia mkono ndani ya rundo, akakuta unyevu chini yake, akamkemea mwenye mali kwa kuuficha. Rangi ya fedha juu ya injini mbovu ina tofauti gani na nafaka kavu juu ya iliyolowa? Kwamba fedha ingenunua misahafu haibadilishi jambo. Nia njema haisafishi chumo chafu.

Tuliieleza kasoro yake wazi, ikauzwa kama vipuri na chuma kwa bei ndogo sana. Pengo likaonekana: mwezi ule walimu, nikiwamo mimi, tulipokea posho pungufu. Nyumbani niliulizwa kulikoni, na sikuwa na jibu refu.

Ndugu zangu, kubana matumizi ni jambo jema. Ila kabla hujashukuru kwa ulichookoa, uliza kwanza: hasara imekwisha, au imempata jirani? Wallahu a'alam.