Linda Tuta Lako



Vijana wenzangu wa Ifakara na bonde zima la Kilombero, jaruba tunalijua. Tuta likitoboka kidogo tu, maji yanaondoka na mpunga unakauka.

Kule Uganda, karibu na Mto Katonga, kuna Bigo bya Mugenyi. Kati ya miaka ya 1300 na 1500 hivi, watu walichimba hapo mahandaki yenye urefu wa jumla unaozidi kilometa 10, kwingine wakachonga hadi mwambani. Udongo wakaurundika kuwa matuta. Bila tingatinga! Leo pamehifadhiwa kama urithi wa taifa.

Mtu hachimbi hivyo kulinda kitu cha bure. Na wewe je, roho yako umeizungushia nini?

Mithali 25:28 inamfananisha mtu asiyejitawala na mji uliobomolewa, usio na ukuta. Ndio sisi hao: mpunga umeuzwa, na kabla ada haijalipwa hela imeishia kwenye mikeka. Simu hadi saa nane usiku, sala hakuna. Adui hakuvunja kitu. Alipita pale tulipoacha wazi.

Handaki lile halikuchimbwa siku moja. Leo futa ile programu ya kubeti. Wiki hii nenda kwenye Kitubio. Mwombe rafiki mmoja akuulize unaendeleaje. Ukianguka, usikate tamaa. Tuta lililotoboka huzibwa.

Tusali: Bwana, tuonyeshe tulipotoboka, utupe nguvu ya kuziba, nawe uwe mlinzi wetu. Amina.