Kiu isiyokatika si jini, kapime sukari

 

Ndugu zangu Waislamu, hapa Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo mkoani Rukwa, mtu akianza kukonda huzuka maneno mawili. La kwanza ni kwamba karogwa, au ana jini. La pili husemwa kwa kunong'ona, kwamba "ameshaukwaa", yaani ana ukimwi. Kisukari hutajwa mwisho, pengine mguu ukiwa umeshakatwa. Na nyinyi mlioko mijini msitucheke, kwani minong'ono hiyo ipo hata Kariakoo.

Kisukari ni nini hasa? Ugali, wali na viazi tunavyokula hugeuka sukari ndani ya damu. Ili sukari hiyo iingie mwilini ifanye kazi, inahitajika insulini, ambayo hutengenezwa na kongosho. Insulini ikikosekana, au mwili usipoiitikia sawasawa, sukari hubaki kwenye damu. Kwetu Ufipa, tunakolima mahindi kwa wingi, nitasema hivi: ghala limejaa magunia, lakini ufunguo umepotea, na watoto wanalala njaa.

Ukifahamu hilo, dalili zinajieleza zenyewe. Sukari ikizidi, figo huitoa kwa mkojo, nayo huondoka na maji mengi. Ndiyo maana mgonjwa huamka usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo, na kiu haimwishi hata akimaliza mtungi. Kwa kuwa mwili haupati chakula chake, mtu huchoka, husikia njaa na hukonda ilhali anakula. Macho huona ukungu. Miguu hufa ganzi au huchomachoma kama sindano. Kidonda kidogo hakiponi. Fangasi sehemu za siri hurudi kila mara. Baadhi ya watu huona sisimizi wamejaa pale walipokojoa. Jini gani huyo anayewaita sisimizi?

Kwa watoto jambo hili ni la haraka zaidi. Mtoto aliyekwisha acha kukojoa kitandani akaanza tena, anakunywa maji bila kikomo, anakonda, anatapika na kuhema kwa nguvu, akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo. Wapo waliotibiwa malaria tu mpaka wakazimia. Mzazi, omba apimwe na sukari.

Tatizo kubwa ni kuwa wengi hawaoni dalili yoyote kwa miaka. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2024 kwamba katika kanda yake ya Afrika, takriban watu wazima 7 katika kila 10 wenye kisukari hawajijui. Kwa hiyo mwenye umri wa miaka 40 na kuendelea, mwenye kitambi, mwenye shinikizo la damu, mwenye mzazi au ndugu mgonjwa, na mama aliyepata kisukari akiwa mjamzito, wasingoje kiu.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Wazungu. Ibn Sina, tabibu wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1037, aliandika juu ya maradhi haya na utamu wa mkojo wa mgonjwa. Elimu hii ni yetu pia.

Sipingi ruqya. Dua ni silaha ya muumini. Lakini Mtume (S.A.W.) alituhimiza kutafuta tiba, na Suratul Baqara aya ya 195 inatukataza kujiangamiza kwa mikono yetu. Anayemwambia mgonjwa aache insulini kwa sababu ameshasomewa, ajiulize atajibu nini mbele ya Allah. Na sisi tunaonong'ona, tuisome Suratul Hujurat aya ya 12 kuhusu dhana na kusengenya. Wangapi wameogopa kwenda kupima kwa sababu ya ndimi zetu?

Tukumbuke pia Ramadhani. Allah amempa ruhusa mgonjwa katika aya ya 184 na 185 za Suratul Baqara. Mwenye kisukari azungumze na daktari wake mapema, kabla mwezi haujaandama. Akifunga na sukari ikashuka chini ya 3.9, au akaanza kutetemeka na kutoka jasho jingi, afungue mara moja. Kukubali ruhusa ya Mola si udhaifu wa imani.

Nawaomba maimamu na kamati za misikiti wamwalike muuguzi na mashine ya kupimia, Ijumaa moja tu baada ya swala. Ni tone la damu kidoleni na dakika chache. Kipimo kabla ya kula kikiwa 7.0 au zaidi, au wakati wowote kikifika 11.1, mtu aende hospitali akathibitishwe. Atakayejulikana mapema, kwa dawa, chakula cha kiasi na kutembea kwa miguu badala ya kupanda bodaboda hata kwenda msikitini, anaweza kuishi miaka mingi akiwaona wajukuu.

Mwili huu ni amana, na tutaulizwa tuliutumiaje. Allah awape shifaa wagonjwa wetu na atuhifadhi sisi tuliobaki.

Wabillahi tawfiq.